Wati Tano

Jumapili ya Pentekoste nilipiga gitaa
mpaka kioo cha dirisha kikanung'unika.
Ampu ya wati arobaini, nimeikokota kwa troli ya sokoni
kutoka kituo cha basi, mvua ya Bolton ikinisukuma mgongoni.
Nilidhani nimewafikisha mbinguni.
Baada ya ibada shemasi Mushagalusa
akanishika bega, akasema taratibu:
"Ndugu, ngoma ikivuma sana."
Hakumalizia. Methali ile haihitaji mkia.

Na Mama Nabintu, aliyeanzisha pambio la tatu,
alikuwa amefumba mdomo tangu ubeti wa pili,
mkoba magotini, akinitazama
kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke.

Basi Jumamosi nikamchukua, sikumwambia kwa nini.
Duka la vyombo vilivyotumika, uchochoro wa nyuma ya soko.
Clifford, mwenye duka, chai kwenye kikombe kilichokatika mkono,
akampa kiti. Akadhani ni mama yangu.
Nikamwacha adhani.

"Imba, Mama. Kama unavyoimba ukichambua maharage."
"Hapa? Mbele ya huyu mzungu?"
"Hapa."
Akakohoa, akautazama mlango, akaimba.

Ya kwanza, wati ishirini. Nikiishusha hadi moja
inalala fofofo, bapa kama chapati ya jana;
nikiipandisha hadi mbili, imeamka na hasira.
Katikati hakuna. Mama akaniinulia nyusi.

Ya pili haina valvu, nyepesi, safi,
safi kama maji ya kuchemsha:
hayana kosa, hayana ladha.

Zikaja pedali. Clifford akazipanga sakafuni
kama viatu mlangoni pa msiba.
Ya kukwaruza: "Huyo ana mafua, mpe tangawizi."
Ya kurudia: "Mbona anasema yaleyale
kama mtoto aliyetumwa dukani, anaogopa kusahau chumvi?"
Ya mwangwi: akanyamaza. Akaurudia mstari uleule.
"Punguza." Nikapunguza. "Tena."
Kitufe kikaelekea tisa ya Clifford,
ambayo kwetu ni saa tatu.
"Hapo. Hapo ni kama mtu anaoga, mlango umefungwa."

Kisha Clifford, bila kuulizwa, akainama chini ya meza
akatoa kisanduku chenye vumbi, ngozi imechanika pembeni,
wati tano, spika moja isiyozidi sahani ya wali.
Nikagusa waya mnene.
Ikasema kwa sauti ndogo bila kunong'ona,
na lile joto, na ule mkwaruzo mdogo
wa koo la mtu aliyelia jana.
Na juu yake, bila kupanda, bila kupigana,
nikasikia kitu ambacho miaka sita ya kupiga kando yake
sikuwahi kukisikia:
Mama Nabintu huvuta pumzi katikati ya neno rehema.
Re, kisha hewa, kisha hema.
Kumbe neno lenyewe lina kuhema ndani yake.

Pauni mia na tisini, pamoja na pedali ya mwangwi.
Arobaini kati ya hizo shemeji ananidai mpaka leo.

Siku hizi naiweka juu ya kiti, si sakafuni,
uso umeinuliwa kunielekea mimi,
ili ikikosea niumie wa kwanza.
Namba tatu. Nne, kwa Krismasi.
Kijana wa ngoma aliniuliza kama imeharibika.
Na sitasema uongo, kuna Jumapili naitamani ile arobaini,
vidole vinawasha, pambio limekolea,
shemasi mwenyewe kavua koti.

Lakini ubeti wa pili ukifika namngoja.
Re,
mvua juu ya paa la Wamethodisti,
mtoto wa mtu anafungua biskuti,
ndipo naingia.